Korczak: Daktari aliyejishitaki mbele ya watoto yatima

Na Mwandishi Wetu

DAKTARI mmoja mwenye jina kubwa katika jiji la Warsaw, Poland, alijipeleka mwenyewe mahakamani mara tano katika kipindi cha nusu mwaka. Hakuwa ameiba wala hakuwa amemdhuru mgonjwa. Alikuwa amempiga mvulana kofi la sikio, akamtoa mwingine nje ya bweni, akamsimamisha wa tatu kwenye kona, akamtolea hakimu maneno ya dharau na akamtuhumu msichana kwa wizi.

Mahakimu waliosikiliza kesi hizo walikuwa watoto yatima aliokuwa akiwalea, na mahakama yenyewe aliiunda yeye.

Daktari huyo ni Janusz Korczak, mmoja wa walezi wa watoto wanaokumbukwa zaidi duniani. Maisha yake yote aliyaweka katika jambo moja, nalo ni kwamba wema haumwingii mtoto kwa mawaidha wala kwa fimbo, bali kwa kuuishi kila siku pamoja na wenzake, huku mkubwa naye akifungwa na kanuni zile zile.

Korczak alizaliwa Warsaw Julai 22, mwaka 1878 au 1879, wakati jiji hilo likiwa chini ya utawala wa Urusi. Jina alilopewa na wazazi wake, Wayahudi wenye uwezo, lilikuwa Henryk Goldszmit. Janusz Korczak ni jina la uandishi alilojichagulia mwaka 1898 aliposhiriki shindano la fasihi.

Alipokuwa na umri wa miaka mitano, ndege wake alikufa akataka kumzika na kuweka msalaba juu ya kaburi. Mtoto wa mlinzi wa nyumba akamkataza, akimweleza kuwa ndege huyo alikuwa Myahudi kama mwenyewe. Ndipo alipotambua kwa mara ya kwanza kwamba yapo mambo yanayoweza kumtenga mtoto na wenzake.

Baba yake, aliyekuwa wakili, aliugua akili na kufariki dunia mwaka 1896. Utajiri wa nyumba ukayeyuka, naye Henryk, akiwa bado mwanafunzi, akalazimika kufundisha watoto wa watu kwa malipo ili kuisaidia familia.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Warsaw, akahitimu mwaka 1905 na kupelekwa kuwa daktari wa jeshi katika vita kati ya Urusi na Japani. Aliporejea alitibu watoto hospitalini, na katika majira ya kiangazi alisimamia kambi za likizo za watoto maskini. Hatua kwa hatua alibaini kuwa dawa inaweza kumponya mtoto homa, lakini haiwezi kumponya upweke wala ukatili wa mtaani.

Mwaka 1912 aliacha kazi ya hospitali, akawa mkurugenzi wa nyumba mpya ya watoto yatima wa Kiyahudi katika Mtaa wa Krochmalna namba 92. Msaidizi wake mkuu alikuwa Stefania Wilczyńska, mwanamama aliyeshika uendeshaji wa nyumba hiyo kwa miaka 30 iliyofuata.

Watoto wapatao 100 waliofika hapo wengi walitoka katika umaskini mkubwa. Walikuwa wamezoea kunyang'anyana, kupigana na kudanganya ili waishi. Korczak hakuwahubiria. Badala yake aliwajengea taratibu ambazo zilimlazimu kila mmoja kumfikiria mwenzake.

Mtoto mgeni alikabidhiwa kwa mtoto mwenyeji, ambaye alimwongoza kwa miezi ya mwanzo na kuandika maendeleo yake katika daftari. Mara nyingi mlezi huyo mdogo alikuwa yule aliyewahi kusumbua wengine, na jukumu hilo lilimfundisha uvumilivu ambao adhabu isingemfundisha.

Ukutani palikuwa na ubao ambao watoto waliandika shukrani kwa waliowatendea mema na kuomba radhi kwa waliowakosea. Palikuwa pia na sanduku la barua kwa mwenye shida aliyeona haya kusema. Kazi za kufagia, kuosha vyombo na kuhudumia mezani zilifanywa kwa zamu, zikahesabiwa kuwa ni kazi za heshima.

Aliyekuwa mgomvi aliwekeana dau na Korczak. Mtoto alitaja idadi ya mara atakazopigana katika wiki inayofuata, na asipoivuka alipata peremende. Daktari hakumtaka aache ugomvi siku moja. Alimtaka apunguze kidogo kidogo, kwa nia yake mwenyewe.

Lakini nguzo ya nyumba hiyo ilikuwa mahakama. Mahakimu watano walipatikana kwa kura ya bahati kutoka miongoni mwa watoto ambao hawakuwa na kesi wiki hiyo. Mtoto yeyote aliweza kumshitaki mwenzake, na hata mlezi.

Vifungu vya sheria vya 1 hadi 99 vyote vilikuwa vya kusamehe au kuifuta kesi. Kuanzia kifungu cha 100 hukumu ilizidi kuwa nzito, hadi cha 900, kilichotamka kuwa mahakama imekata tamaa isipokuwa apatikane mtu wa kumdhamini mshitakiwa. Kifungu cha 1,000 kilikuwa cha kufukuzwa, ingawa baada ya miezi mitatu aliyefukuzwa aliruhusiwa kuomba kurudi.

Mambo hayakwenda vizuri tangu mwanzo. Wapo watoto walioidharau mahakama, wengine wakaigeuza kuwa chombo cha kukomoana, hata Korczak akaisimamisha kwa muda na kuirejesha ikiwa na marekebisho. Kuhusu kesi zake tano, aliandika baadaye kuwa ndizo zilizomfunza yeye mwenyewe kuwa mlezi wa haki.

Aidha, alikuwa mwandishi hodari. Alitunga kisa cha Mfalme Maciuś, mtoto aliyerithi ufalme, na mwaka 1926 alianzisha gazeti lililoandikwa na watoto wenyewe. Gazeti hilo lilitoka kila wiki hadi vita vilipoanza Septemba 1939. Katika miaka ya 1930 wasikilizaji wa redio walimfahamu kama Daktari Mzee.

Mwaka 1940 utawala wa Wanazi uliwaamuru yeye na watoto wahamie katika geto, eneo la Warsaw lililozungushiwa ukuta ili kuwafungia Wayahudi. Wakati wa kuhama, askari waliwapokonya gari la viazi vya watoto. Korczak alikwenda kuvidai bila kuvaa kitambaa cha mkononi walicholazimishwa Wayahudi kuvaa, akatupwa gerezani.

Alipotoka afya yake ilikuwa imedhoofika, lakini kila siku alizunguka getoni kuomba chakula kwa ajili ya watoto ambao sasa walifikia 200. Pamoja na njaa, taratibu za nyumba ziliendelea. Julai 1942 watoto waliigiza tamthilia ya Mhindi Rabindranath Tagore inayomhusu mtoto mgonjwa anayesubiri barua ya mfalme.

Marafiki zake walikuwa wamemwandalia njia za kutoroka zaidi ya mara moja. Alikataa, kwa kuwa kutoroka kulikuwa na maana ya kuwaacha watoto peke yao.

Mwanzoni mwa Agosti 1942 askari waliizingira nyumba. Korczak, Stefania, wafanyakazi wenzao na watoto walitembea pamoja hadi kituo cha treni, wakapelekwa katika kambi ya mauaji ya Treblinka. Hakurudi hata mmoja.

Fikra zake hazikufa. Mwaka 1978 Poland ilipendekeza Umoja wa Mataifa uwe na mkataba wa haki za mtoto, nao ukapitishwa mwaka 1989. Kenya iliuridhia mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1991.

Mjadala wa viboko mashuleni na majumbani bado haujaisha, na mara nyingi huuliza mtoto mkosaji aadhibiwe vipi. Korczak aliuliza jambo la mbele zaidi: mtoto atajifunzia wapi kusamehe, kuomba radhi na kumlinda mnyonge, kama hajawahi kumwona mkubwa akikiri kosa mbele yake? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi hayo humhusu mlezi kabla ya kumfikia anayelelewa.