Padri Aliyecheza na Watoto: Maisha ya Mtakatifu Yohane Bosco

Yohane Bosco alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 huko Becchi, kitongoji cha wakulima kaskazini mwa Italia. Nchi ile ni ya vilima, kama ilivyo Kabare na Walungu, na watu wake waliishi kwa jembe. Hakuwa ametimiza miaka miwili baba yake alipofariki. Mama yake, Margherita, hakujua kusoma, lakini aliwafundisha watoto wake kusali, kufanya kazi na kumcha Mungu.

Yohane alikuwa mwepesi wa mwili. Siku za soko, wachezaji wa sarakasi walipofika, watu wengine walicheka na kupiga makofi. Yeye alikaza macho apate kujua mguu uliwekwa wapi na mkono ulishika nini. Kisha alirudi nyumbani kujizoeza. Alianguka mara nyingi, akainuka tena, hata akaweza kutembea juu ya kamba na kusimama kwa mikono.

Wengine walitafuta fedha kwa ufundi huo. Yohane aliutumia kwa jambo jingine. Siku za Jumapili alifunga kamba kati ya miti miwili akawaita majirani. Kabla ya mchezo wote walisali rozari, naye akawasimulia mahubiri aliyoyasikia kanisani asubuhi. Asiyetaka kusali hakuruhusiwa kutazama. Basi kijana yule, ambaye bado hakuwa na elimu, alikuwa amekwisha kuwa kama katekista.

Lakini Antonio, kaka yake wa mama mwingine, alichukia kumwona akishika kitabu, akisema moyoni kwamba mtu wa shamba hana haja ya kusoma. Ugomvi ukazidi nyumbani. Mwaka 1828 Yohane, mwenye umri wa miaka 12, alilazimika kuondoka na kufanya kazi ya shamba na ng'ombe kwa watu wengine. Hata mwaka 1831 ndipo alipoingia shule ya mji wa Chieri. Aliketi pamoja na watoto wadogo kuliko yeye, wala hakuona haya.

Huko Chieri alitokea mwanasarakasi mmoja aliyewavuta vijana wasiende kanisani siku ya Jumapili. Yohane akakubali kushindana naye. Walipiga mbio, Yohane akashinda. Wakaruka mfereji, akashinda. Wakasimamisha fimbo juu ya kidole na kuipandisha hata puani. Fimbo ya yule bwana ikaanguka, kwa kuwa pua yake ilikuwa ndefu mno. Mwisho wakapanda mti, na Yohane, alipofika juu kabisa, akageuka miguu juu kichwa chini. Mtu yule alikuwa ameweka dau fedha zake zote, akapoteza zote. Vijana wakamhurumia, wakamrudishia, ila awalipie karamu. Tangu siku ile hakuwasumbua tena.

Tarehe 5 Juni 1841 Yohane alipata upadri, akakaa katika mji wa Torino. Aliwakuta vijana wengi waliotoka vijijini kutafuta kazi ya ujenzi, wasio na mtu wa kuwatunza. Alipoingia magerezani aliwaona wengine wa umri huohuo wamefungwa. Akatambua kwamba wengi wao wasingefika pale kama wangalipata rafiki mapema.

Tarehe 8 Desemba mwaka huohuo, alipokuwa akijitayarisha kwa Misa, mtunza sakristi alimpiga kijana mmoja na kumfukuza, kwa sababu hakujua kutumikia altareni. Padri Bosco akaagiza aitwe tena. Kijana yule, Bartolomeo Garelli, alikuwa yatima. Hakujua kusoma wala kuandika, wala hakuwa amepata komunyo ya kwanza. Padri akamwuliza kama anajua kupiga mluzi. Kijana akatabasamu, woga ukamtoka. Ndipo mafundisho yakaanza, kwa ishara ya msalaba.

Vijana wakaongezeka, na kelele zao pia. Majirani walilalamika, nao wakafukuzwa kutoka mahali hata mahali. Watu wengine walidhani padri amerukwa na akili. Mama mmoja tajiri, aliyempa kazi na pa kukaa, alimtaka achague: awaache vijana au aiache kazi yake. Akawachagua vijana. Siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1846, wakapata banda duni huko Valdocco lenye uwanja kando yake. Miezi michache baadaye akaugua karibu ya kufa. Vijana wakasali na kufunga, naye akapona.

Huko Valdocco kulikuwa na Misa, katekesimo na masomo. Kisha mbio, mipira, na kutembea juu ya miguu ya miti. Padri Bosco alijua kwamba mtoto aliyeketishwa kutwa huchoka mwili, na masikio yake hufungika. Akikimbia na kuruka, hurudi kwenye somo na akili iliyoamka. Tena mchezo humfundisha kungoja zamu yake, kushika amri na kukubali kushindwa. Naye mwalimu aliye uwanjani humtambua mwenye hasira, mwenye hila, na yule aketiye peke yake kwa huzuni. Kwa hiyo padri alicheza pamoja nao, akimwambia huyu na yule neno jema sikioni.

Mwaka 1877 aliandika kwamba watoto wapewe uhuru mkubwa wa kuruka na kukimbia, na kwamba mazoezi ya viungo, muziki na matembezi husaidia adabu na afya. Mwaka 1884 aliandika barua juu ya nyanja mbili alizoziona katika ndoto. Katika ule wa kwanza watoto na walimu walicheza pamoja kwa furaha. Katika ule wa pili watoto waliegemea nguzo kwa uchovu, na walimu walikuwa mbali nao. Imani kati yao ilikuwa imekufa.

Alifariki tarehe 31 Januari 1888. Papa Pius XI alimtangaza kuwa Mtakatifu mwaka 1934. Wasalesiani, wana wa shirika lake, walifika Kongo mwaka 1911 huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Baadaye walifika pia Goma, ng'ambo ya Ziwa Kivu, na huko Ngangi wamewapokea watoto wengi walioteswa na vita.

Aliyoyajua Mtakatifu huyu yanakubaliwa na waganga wa leo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 autumikishe mwili kwa nguvu ya kadiri au zaidi, kwa wastani angalau dakika 60 kwa siku, kwa faida ya mifupa, moyo na akili. Hakuna fedha inayohitajiwa: kamba ya kuruka na mpira wa majani ya migomba vyatosha.

Basi mzazi au katekista asikiapo kelele za watoto uwanjani, asikimbilie fimbo. Na aende kwao, acheze nao kidogo. Watakapoitwa kwenye katekesimo, watakuja.