McAdam: Mskoti aliyefundisha barabara kukimbia maji

Kila masika, barabara nyingi za mashambani katika ukanda huu hukatika, na mazao hukwama njiani kabla ya kufika sokoni. Chanzo chake ni kilekile alichokipiga vita John Loudon McAdam miaka mia mbili iliyopita: maji.

McAdam alizaliwa Ayr, Uskoti, mwaka 1756. Baba yake alipofariki, kijana huyo alipelekwa New York mwaka 1770 kwa ami yake, akatajirika kwa biashara. Katika vita vya uhuru wa Marekani alikuwa upande wa Uingereza, na mwaka 1783 alirudi kwao akiwa amepoteza sehemu kubwa ya mali.

Akiwa mwenye shamba na mmoja wa wasimamizi wa barabara za eneo lake, aliona fedha zikiteketea kila mwaka. Mawe makubwa yalitupwa kwenye matope, mvua ikanyesha, yakazama. Alisafiri nchini akikagua barabara, mara nyingi kwa gharama zake.

Mwaka 1816 alikabidhiwa barabara za Bristol, akapata pa kuthibitishia hoja yake. Kwake, kinachobeba mkokoteni ni udongo wenyewe, mradi ubaki mkavu. Mawe ni paa tu. Hivyo aliinua barabara juu ya ardhi ya kando, akachimba mitaro, akaipa mgongo mdogo ili maji yateremke, kisha akatandaza kokoto zisizozidi gramu 170 kila moja. Wasimamizi walitembea na mizani kuzipima. Magurudumu yenyewe yalizishindilia.

Jambo la pili lilikuwa usimamizi. Alitaka wakaguzi wanaolipwa mshahara na kuwajibika kwa hesabu, na matengenezo ya mara kwa mara badala ya kusubiri barabara ife. Bunge lilimhoji, likampa fedha kufidia alizotumia, na mwaka 1827 akawa mkaguzi mkuu wa barabara za London. Alikataa cheo cha heshima. Alifariki Moffat mwaka 1836, akiwa na miaka 80.

Kazi yake ilikuwa na mipaka. Magari yalipokuja, matairi yalichimbua vumbi linaloshika kokoto, ikabidi lami iongezwe. Hata hivyo jina lake limebaki ndani ya neno la Kiingereza la barabara hizo, tarmac.

Kenya ilipoanzisha mpango wa barabara za vijijini mwaka 1974, kazi ilifanywa zaidi kwa jembe, sururu na toroli, na wakazi wa kando ya barabara wakapewa vipande vya kutunza kwa malipo. Mtaro uliozibuliwa kabla ya mvua hugharimu siku chache za kibarua. Usipozibuliwa, mkulima hulipa kwa maziwa yaliyoganda na chai iliyonyauka, na halmashauri huijenga upya barabara ileile.