Bwana Nyoka wa Newala: Mwindaji aliyeacha tembo akafuata sumu

SEPTEMBA mwaka 1968 alifariki jijini Nairobi mzee mmoja Mwingereza wa asili ya Kigiriki, Constantine John Philip Ionides. Wakazi wa kusini mwa Tanzania walimfahamu kwa jina la Bwana Nyoka.

Mwaka huo huo mtaalamu James Ashe alichapisha maelezo ya kwanza ya kisayansi ya kipiri wa mitini aliyepatikana misituni Chuka, kati ya Embu na Meru. Kwa mkulima wa Kaaga au Chogoria habari hiyo si ndogo, kwani hadi leo hakuna dawa iliyotengenezwa mahsusi kwa sumu ya nyoka huyo.

Ionides alizaliwa mwaka 1901, akasoma shule ya Rugby na chuo cha kijeshi cha Sandhurst. Alitumikia jeshi nchini India kabla ya kuletwa Tanganyika miaka ya 1920. Huko aliacha bunduki ya serikali na kushika yake mwenyewe, akawa mwindaji haramu wa pembe za ndovu. Mwaka 1933 serikali ya kikoloni ikamwajiri katika Idara ya Wanyamapori. Mwizi akapewa ghala alinde, na kusema kweli alililinda.

Akiwa Liwale, alipigania kupanuliwa kwa Hifadhi ya Selous. Sifa hiyo ina upande wake mchungu. Maelfu ya wanavijiji walihamishwa kwa sababu ya malale, na mashamba yao yakamezwa na pori. Wanaomwita baba wa Selous aghalabu hulipita jambo hilo kimya kimya.

Alipostaafu miaka ya 1950, alihamia kabisa kwenye nyoka. Mjumbe alifika Newala akiwa na habari ya koboko wa kijani juu ya mwembe, naye Ionides, amevaa nguo chakavu, akatoka na koleo lake refu. Alinasa maelfu ya nyoka, wengi wakiwa hai, wakasafirishwa hadi kwenye majumba ya makumbusho, bustani za wanyama na maabara.

Maabara ndiyo yenye uzito hapa. Dawa ya sumu haitengenezwi bila sumu. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo hadi damu yake ijenge kinga, kisha kinga hiyo husafishwa na kutiwa chupani. Kabla ya kupewa mgonjwa hupimwa kwa panya: sumu huchanganywa na dawa, panya wakadungwa, na wanaosalia hai wakahesabiwa. Hapo ndipo hujulikana chupa ina nguvu gani, tena dhidi ya nyoka yupi.

Mfaransa Albert Calmette, aliyeanzisha dawa hizi miaka ya 1890, aliamini kwamba dawa ya swila ingefaa pia kwa nyoka wengine na hata kwa nge. Vipimo vya wenzake vilimkanusha. Sumu ya nge huhitaji dawa ya nge, na ya kifutu huhitaji ya kifutu au ya jamaa zake.

Ionides aliujua ukweli huo kwa mwili wake. Aliumwa mara nyingi, vidole vyake vikaharibika. Miongoni mwa waliomuuma ni yule nyoka mweusi aishiye chini ya ardhi, ambaye meno yake humchoma hata aliyemshika nyuma ya kichwa. Nyoka huyo naye hana dawa.

Suala hilo halijafungwa. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya panya kuhusu dawa zilizokuwa zikipatikana Kenya. Baadhi zilionekana dhaifu mno dhidi ya nyoka wa Afrika Mashariki, hasa zile ambazo hazikutengenezwa kwa sumu za huku. Mgonjwa anaweza kuuza mbuzi anunue chupa kadhaa, kumbe hazimfai. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika.

Ionides hakuwa daktari wala mwanamaabara. Kazi yake ilikuwa kupanda mwembe na kushuka na koboko angali hai, ili sumu itoke kwa nyoka wa eneo husika.

Alizikwa katika kilima cha Nandanga, ndani ya pori la Selous alilolipanua.