Alicheza Ugenini Akatuzwa

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, na hakuna asiyeujua ukweli wa maneno hayo. Lakini hutokea mtu mmoja mmoja akaipindua methali, akatuzwa ugenini kuliko kwao. Mmoja wa hao ni marehemu Anna Pavlova, bibi wa Kirusi, ambaye kwa muda wa miaka 20 hivi aliitembeza ngoma ya baleti ulimwenguni mithili ya mchuuzi atembezavyo bidhaa yake mlango kwa mlango.

Kwanza tuieleze ngoma yenyewe, maana si wote walioiona. Baleti ni mchezo usiokuwa na neno hata moja. Kisa kizima, mapenzi yake, hiana yake na mauti yake, husimuliwa kwa viungo vya mwili huku muziki ukipigwa, na mchezaji wa kike husimama juu ya ncha za vidole vya miguu kana kwamba ardhi haimhusu. Ngoma hii ilizaliwa katika majumba ya watawala wa Italia na Ufaransa, na huko Urusi ikalelewa kwa fedha za Mfalme. Ilikuwa ngoma ya wenye vyeo. Mnyonge angeionea wapi?

Naye Anna alikuwa mtoto wa mnyonge. Alizaliwa St. Petersburg mnamo Februari 1881, kabla ya miezi yake kutimia, na mama yake alikuwa dobi. Alipokuwa na umri wa miaka 8 mama huyo alimpeleka jumba la Mariinsky kutazama mchezo wa Sleeping Beauty, na tangu siku hiyo mtoto akawa hana neno jingine. Chuo cha Mfalme kilimkataa mara ya kwanza kwa udogo na udhaifu wake. Mwaka wa 1891 kikamchukua.

Huko nako hakupata raha. Zama hizo waliosifiwa ni wachezaji wa miili iliyojaa na misuli iliyokaza, ilhali yeye alikuwa mwembamba kama unyasi, na nyayo zake zimepinda kupita kiasi. Basi hakushindana nao kwa nguvu. Akaufanya wembamba wake kuwa ndio wepesi wake, na viatu vyake akavitia ngozi ngumu ndani ili vimhimili. Alihitimu mwaka wa 1899, na ilipofika 1906 alikuwa amepanda daraja ya juu kabisa. Katika miaka hiyo ndipo Michel Fokine alipomtungia ule mchezo mfupi wa batamaji anayekata roho, mchezo wa dakika chache tu uliomfanya ajulikane kila bara.

Hapo angeweza kutulia, ale mshahara wa Mfalme na kupigiwa makofi na mabwana wakubwa. Lakini mwaka wa 1908 akaanza kutoka nje, mwaka wa 1910 akacheza New York, kisha akaunda kundi lake mwenyewe. Mwaka wa 1912 alinunua nyumba London, iitwayo Ivy House, yenye ziwa dogo alikofuga batamaji. Urusi aliiaga mara ya mwisho mwaka wa 1914. Vita vikazuka, yakafuata mapinduzi ya 1917, na kwao kukawa hakurudiki tena.

Basi dunia nzima ikawa ndiyo uwanja wake. Alicheza Amerika ya Kusini, Japani, Bara Hindi, Misri, Afrika ya Kusini na Australia. Mjini Mexico alicheza katika uwanja wa kupiganishia mafahali. Wako wajuzi waliomlaumu kwamba muziki wake ulikuwa mwepesi na mapambo yake ya kizamani, na lawama hiyo haikukosa msingi. Lakini tazama: mwaka wa 1917, mjini Lima huko Peru, kijana wa miaka 13 aitwaye Frederick Ashton alimwona akicheza. Kijana yule ndiye aliyekuja kuwa mtungaji mkubwa wa baleti ya Uingereza. Je, angalikaa Mariinsky akiwangojea wajuzi, kijana wa Lima angaliipata wapi mbegu hiyo?

Huenda msomaji akauliza mwanamke wa kucheza jukwaani mbele ya watu anatufaa nini sisi. Swali ni la haki, na jibu lake liko Bara Hindi. Mwaka wa 1923 Pavlova alishirikiana mjini London na kijana wa Kihindi, Uday Shankar, aliyekuwa akisomea uchoraji. Shankar alitaka afunzwe baleti. Bibi akamkatalia, akamsihi atafute hazina ya kwao. Halafu, mwaka wa 1929, alisafiri chombo kimoja na Rukmini Devi wa Madras, naye akampa wasia ule ule. Wakati huo ngoma ya kale ya kusini mwa Bara Hindi ilikuwa imedharauliwa, watu wa heshima hawataki hata kuitaja. Rukmini Devi akajifunza, akaicheza hadharani mwaka wa 1935, na mwaka wa 1936 akaanzisha chuo cha Kalakshetra.

Wala chumo lake hakulila peke yake. Huko Saint-Cloud, karibu na Paris, aliweka nyumba ya kulelea watoto wa kike wa wakimbizi wa Kirusi. Yeye mwenyewe hakujaaliwa kupata mtoto.

Mwezi wa Januari 1931 alishikwa na baridi safarini kuelekea Uholanzi, ikageuka ugonjwa wa mapafu. Yasimuliwa kuwa waganga walishauri apasuliwe, ila hatacheza tena, naye akakataa. Alifariki mjini The Hague tarehe 23, zikiwa zimesalia wiki tatu atimize miaka 50. Hata kuzikwa kwao hakukuwa. Majivu yake yaliwekwa London.

Hivyo ndivyo alivyoishi. Yeye alituzwa ugenini kwa kuwa kwao kulimponyoka, lakini kila aliyemjia kutaka njia alimwelekeza kwao. Huenda ni kwa sababu yeye aliujua uchungu wa kukosa pa kurudi.