James Chuma, Mkalimani wa Misafara: Maisha Yake na Funzo kwa Mwalimu wa Kiingereza

Katikati ya mwaka 1879 msafara uliotoka Dar es Salaam uliingia katika bonde la mto Ulanga, ambao leo tunauita Kilombero, ukiuelekea upande wa Mahenge. Mkuu wake, Keith Johnston, alikuwa amekwisha kufariki Behobeho tarehe 28 Juni, na uongozi ukamwangukia Mskoti Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 tu. Aliyemtegemeza kijana huyo ni mnyapara wa msafara, James Chuma, Myao aliyeongea na mkuu wake kwa Kiingereza, na wazee wa vijiji kwa lugha walizozielewa. Mwalimu anayefundisha Kiingereza leo Ifakara, Mahenge au Malinyi anafanya kazi katika bonde ambalo mwanafunzi bora wa lugha hiyo alipata kulipita. Yafaa basi tuyatazame maisha yake kwa jicho la mwalimu.

Chuma alizaliwa yapata mwaka 1850 katika nchi ya Wayao, karibu na Ziwa Nyasa. Angali mtoto alitiwa utumwani. Mwezi Julai 1861, katika nyanda za juu za mto Shire, nchi ambayo leo ni Malawi, msafara wa watumwa aliokuwamo ulikutana na David Livingstone pamoja na Askofu Mackenzie na wamisionari wa UMCA. Watumwa wakafunguliwa, na Chuma akabaki kwa wamisionari hao Magomero. Hapo ndipo masikio yake yalipoanza kuizoea lugha ya wageni. Mwaka 1864 Livingstone aliivuka Bahari ya Hindi hadi Bombay kwa meli yake ndogo, Lady Nyassa, na Chuma alikuwa miongoni mwa waliosafiri naye. Katika chombo kidogo namna hiyo amri haingoji tafsiri: neno husikika, mkono hutenda, na maana hukaa moyoni.

Huko Bombay Chuma aliwekwa katika shule ya Dokta John Wilson, mmisionari wa Kanisa Huru la Scotland, na mwezi Desemba 1865 akabatizwa na kupewa jina la James. Tuuzingatie utaratibu huu. Masikio yalitangulia, darasa likafuata. Alipokutana na kanuni za lugha shuleni, alikuwa amekwisha kuishi karibu na wasemaji wake kwa miaka mitatu. Kanuni ilikuja kupanga vitu ambavyo tayari vilikuwamo ghalani.

Mwaka 1866 alirudi Afrika pamoja na Livingstone, akawa naye hadi mzee huyo alipofariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873. Chuma na mwenzake Abdullah Susi waliongoza kazi ya kuupeleka mwili pwani, safari ya zaidi ya kilomita 1,500, wakafika Bagamoyo mwezi Februari 1874. Katika msafara huo alikuwamo kijana mwingine, Jacob Wainwright, aliyesomeshwa katika shule ya watumwa waliokombolewa huko Nasik, India. Huyu ndiye aliyesoma sala za maziko, akachonga maandishi katika mti, na kuandika kumbukumbu za safari. Kazi ya kuongoza watu kwa ulimi ilikuwa ya Chuma na Susi. Kazi ya kalamu ilikuwa ya Wainwright.

Mwaka huo huo wa 1874 Chuma na Susi walialikwa Uingereza kwa gharama ya James Young, rafiki wa Livingstone. Huko walimsaidia Horace Waller kuyatayarisha madaftari ya marehemu yawe kitabu, wakifafanua majina, mahali na mambo yaliyotukia. Kazi ya namna hii haifanyiki kwa msamiati peke yake. Anayeulizwa ni jambo gani lilitangulia, nani alikuwapo, na nani alikuwa amekwisha kuondoka, hana budi kuzitawala nyakati za vitenzi. Sarufi hapo si zoezi la ubaoni. Ni njia ya kusema kweli bila ya kuichanganya. Hata hivyo kitabu kilipotoka, maneno ya Chuma na Susi yalikuwa yamepita katika kalamu ya Waller.

Baada ya kurudi Zanzibar, Chuma aliitumikia UMCA. Alikuwa pamoja na Askofu Edward Steere katika safari ya kuelekea Nyasa mwaka 1875, na mwaka 1876 katika kuanzisha makazi ya watumwa waliokombolewa huko Masasi. Kisha ikaja safari ya Thomson ya 1879 na 1880, iliyopita Ulanga na Mahenge hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, na kuendelea Tanganyika. Thomson anamsifu kuwa mtu wa visa vingi na mzaha, aliyependwa na wapagazi na bado akatiiwa. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunukia medali ya fedha na upanga. Alifariki Zanzibar mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu.

Mwalimu ajifunze nini hapa? Kwanza, asianze na ubao. Mtoto wa Malinyi aliyekulia katika Kindamba, Kipogoro au Kibena, kisha akajifunza Kiswahili, amekwisha kuonyesha kwamba sikio lake linaweza kubeba lugha zaidi ya moja. Apewe wiki za kusikia na kutenda kabla ya kudaiwa kusema: fungua dirisha, chukua kitabu, mpe jirani.

Pili, nahau zifundishwe ndani ya tukio. Kitenzi "give" ni chepesi, lakini "give up" ni kukata tamaa, "give in" ni kusalimu amri, na "give out" ni kugawa. Orodha ya maneno haya husahaulika. Kisa cha mpagazi aliyechoka njiani hukumbukwa. Mazoezi ya ukalimani hufaa sana: mwanafunzi mmoja awe msafiri asemaye Kiingereza tu, wa pili mzee wa kijiji asemaye Kiswahili tu, na wa tatu asimame katikati. Huyu wa tatu atagundua haraka kwamba nahau haihamishwi neno kwa neno.

Tatu, mazungumzo yasiachwe bila maandishi. Kila zoezi la ukalimani liishie kwa mwanafunzi kuandika mistari michache ya yale yaliyosemwa. Chuma alizungumza na wakuu wa misafara na wazee wa nchi nyingi, lakini hakuacha kitabu chake mwenyewe, na sisi tunamjua kwa kalamu za wengine. Mwanafunzi wetu anayesema vizuri bila ya kuandika atasimuliwa. Anayeandika bila ya kusema atanyamaza mbele ya watu. Wajibu wa mwalimu ni kumpa vyote viwili, ulimi wa Chuma na kalamu ya Wainwright.