Mizani ya Raúl Prebisch

Mkulima wa karafuu wa Wete au Mkoani hupanda mkarafuu, akachuma, akachambua makonyo, akaanika jamvini na kulichunga jua na mvua. Afikapo kituoni na gunia lake, bei huikuta imekwisha pangwa. Wako wenzake wa kahawa, kakao na sukari katika mabara matatu. Mtu aliyeipeleka hoja yao mbele ya mataifa ni Raúl Prebisch wa Argentina, na yatupasa tumkumbuke.

Alizaliwa Tucumán mwaka 1901, akasomea uchumi Buenos Aires. Mwaka 1933 alikuwa mshauri katika ujumbe wa nchi yake uliokwenda London kutetea soko la nyama ya ng'ombe. Soko lilipatikana, lakini kwa masharti mazito yaliyowanufaisha Waingereza. Mwenye kutegemea mnunuzi mmoja hana sauti. Mwaka 1935 alikabidhiwa uongozi wa Benki Kuu mpya ya Argentina. Mwaka 1943, baada ya wanajeshi kutwaa madaraka, aliondolewa.

Hakukata tamaa. Mwaka 1949, akiitumikia Tume ya Umoja wa Mataifa ya Uchumi wa Amerika ya Kilatini huko Santiago, aliandika hoja iliyompa jina: kadiri miaka inavyopita, bei za mazao ghafi hushuka zikilinganishwa na bei za bidhaa za viwandani. Kwa hiyo mkulima hutoa magunia mengi zaidi kwa mashine ile ile.

Mwaka 1964 aliusimamia mkutano wa Geneva uliozaa UNCTAD, akawa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Hapo nchi 77, Jamhuri yetu ya Muungano ikiwamo, ziliunda umoja wao. Mwaka 1979 mawaziri wa kundi hilo walikutana Arusha. Mkutano wa New Delhi wa mwaka 1968 ulikubali kimsingi kwamba bidhaa za nchi changa zipunguziwe ushuru katika masoko ya matajiri. Lakini mapatano ya kuimarisha bei za mazao yalisuasua, na mwaka 1969 Prebisch aliondoka kazi ikiwa haijakamilika. Alifariki Santiago mwaka 1986.

Miaka hiyo hiyo ya 1980 visiwa vyetu viliionja hoja yake, pale Indonesia, mnunuzi wetu mkubwa, ilipojitosheleza kwa karafuu zake na bei ikaporomoka.

Hata hivyo, Prebisch hakuwalaumu wageni peke yao. Alizikosoa nchi za kwao kwa kulinda viwanda visivyo na tija, na matajiri wao kwa kuteketeza ziada katika anasa. Hilo ndilo funzo tunalowaachia watumishi wa serikali. Tangu chuoni tulifundishwa kwamba kupunja mizani ni dhulma. Basi haki tunayoidai Geneva hatuna budi kuitenda kwanza sisi wenyewe, katika kituo cha kununulia karafuu.