Janani Luwum: Mchungaji aliyewafuata wafungwa hadi mlangoni mwa watesi

Kila ifikapo tarehe 16 Februari, Uganda hupumzika kazi kumkumbuka mtu aliyeanza maisha kwa kuchunga mbuzi na kuyamaliza mikononi mwa askari wa serikali. Mtu huyo ni Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana.

Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, wilayani Kitgum, kaskazini mwa Uganda, katika jamii ya Waacholi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi mwaka 1948, alipoguswa na vuguvugu la uamsho lililokuwa limeenea Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata aliingia Chuo cha Theolojia cha Buwalasi. Baada ya kutumikia parokia na kuendelea na masomo Uingereza, alirejea Buwalasi akiwa mkuu wa chuo.

Mwaka 1969 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Uganda Kaskazini, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa jimbo lililojumuisha Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, eneo ambalo leo limo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Huo ulikuwa wakati wa utawala wa Idi Amin. Watu walikamatwa mchana kweupe, na wengi hawakuonekana tena. Luwum alikwenda mwenyewe katika ofisi za idara ya usalama iliyoogopwa kuliko zote, akaomba wafungwa waachiliwe. Walikuwapo waliomlaumu kwa kuendelea kuonana na rais. Yeye aliona kwamba mlango ukifungwa, hatabaki wa kuwasemea wanyonge.

Mapema Februari 1977, askari waliivamia nyumba yake usiku wakidai kutafuta silaha. Maaskofu wakamwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu. Tarehe 16 waliitwa Kampala, ambako Luwum alituhumiwa kula njama na Milton Obote, rais aliyepinduliwa, aliyekuwa akiishi uhamishoni Tanzania. Maaskofu wenzake waliruhusiwa kuondoka, yeye akazuiwa.

Siku iliyofuata serikali ilitangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamefariki katika ajali ya gari. Hata hivyo, mwili wake ulikuwa na majeraha ya risasi.

Huko Namirembe waumini walikuwa wamemchimbia kaburi karibu na lile la Askofu James Hannington, aliyeuawa mwaka 1885. Serikali haikuutoa mwili, na ibada ikafanyika kaburi likiwa tupu. Luwum alizikwa kwao Mucwini.

Kanisa lake lilikuwa likijiandaa kuadhimisha miaka 100 mwaka huohuo. Miaka miwili baadaye, majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni yaliuangusha utawala wa Amin. Leo sanamu ya Luwum imesimama juu ya lango la magharibi la Westminster Abbey, London, miongoni mwa mashahidi 10 wa imani wa karne ya 20.